Oka, yakoni au arakacha: lipi litakubali mbali na Andes?

Mtafutambegu:
Wakuu, nataka zao moja la mizizi kutoka Andes, ila shamba langu liko mbali sana na Peru na Bolivia. Kiangazi mchana una urefu wa saa 16, na jalidi (baridi ya kugandisha inayounguza majani) huanza Novemba. Nianze na lipi kati ya haya matatu?

Bi Mizizi:
Yakoni. Oka baridi haiisumbui sana, kinachoiponza ni urefu wa mchana. Haianzi kujaza viazi mpaka mchana ushuke kufikia kama saa 12, yaani kwako mwishoni mwa Septemba. Jalidi inakuja majani yanaungua, viazi bado kama kidole cha mtoto. Nimelia nayo misimu miwili. Uluko na mashua (nasema mimea mingine ya viazi ya Andes, si chombo cha baharini) zina tabia hiyohiyo. Yakoni haingoji mchana mfupi, ila inataka miezi sita, saba bila jalidi, kwa hiyo ioteshe mapema ndani.

Kiazi Kikuu:
Dada, oka usiitupe hivyo. New Zealand inalimwa tangu karne ya 19. Mimi nafunika majani kwa kitambaa chepesi wiki za mwisho, na jalidi ikishayaua sichimbi mpaka wiki mbili zipite, maana viazi huendelea kunona shina likinyauka. Halafu ule uchachu wake! Ukivianika juani siku chache unapungua, utamu unapanda. Yakoni ni maji matamu tu.

Bi Mizizi:
Hayo maji matamu ndiyo ninayoyapenda, kaka. Sehemu kubwa ya utamu wake mwili hauusagi kama sukari ya kawaida.

Shina la Tatu:
Arakacha iache. Brazili imefika hadi sokoni, lakini kule inapata nyanda za juu zenye ubaridi wa wastani. Inakaa ardhini karibu mwaka mzima, na ikishachimbwa huharibika upesi.

Mtafutambegu:
Basi yakoni. Nimeshanunua kilo mbili za mizizi, wiki ijayo napanda.

Bi Mizizi:
Subiri, mkuu! Ile mizizi minene ya kula haichipui. Kinachopandwa ni vinundu vyenye macho vilivyoshikana kwenye kitako cha shina, juu ya mizizi. Hiyo uliyonunua imenye uile mibichi, kisha mwombe muuzaji akukatie vinundu, kila kipande kiwe na macho mawili au matatu.