Naomba ushauri: hii "wait" ya Milton kwa Kiswahili ni kungoja, kusubiri au kutumika?

Binti Muheza
Habari zenu wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Nina jambo linanisumbua wiki ya pili sasa, na najua wajuzi wa lugha mko humu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, alifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi. Presha ya macho imemmaliza, tangu mwaka juzi haoni kabisa. Kutwa yuko kwenye kiti chake pale karibu na geti, akisikia hodi anapapasa komeo, anafungua, anauliza "nani mwenzangu?", anarudi kukaa. Sasa kuna shairi la John Milton alikuwa anatusomea tukiwa wadogo, lile la mistari 14 kuhusu upofu wake, na siku hizi mstari wa mwisho anaurudia mwenyewe hata usiku namsikia: "They also serve who only stand and wait." Wajukuu Kiingereza hicho hakiwaingii, akaniambia mwanangu hebu niwekee kwa Kiswahili niwafundishe kabla sijaondoka. Nikaandika "Wanatumika pia wale wanaosimama tu na kusubiri." Nilipomsomea alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema "huyo uliyemwandika yuko kituoni anasubiri daladala." Iliniuma kwa sababu ni kweli. Naombeni neno.

Kalamu ya Jioni
Pole sana dada, na mzee umpe pole zetu. Mzee yuko sahihi kabisa. Hiyo "wait" ukiichukua kwa maana ya siku hizi tu unaikata miguu. Neno lenyewe liliingia Uingereza na Kifaransa cha kaskazini cha wale Wanormani, na huko lilikuwa na maana ya kulinda, kukesha, kuweka jicho, ni ndugu na "wake" na "watch". Zamani mlinzi wa mji wa usiku, yule mwenye tarumbeta, alikuwa anaitwa "wait". Baadaye ndo ikaja maana ya kuhudumu, kusimama karibu na bwana wako umuangalie usoni ili akihitaji kitu uwepo, ndiyo maana anayekuletea chakula hotelini anaitwa "waiter" na wale mabibi waliokuwa wakiambatana na Malkia waliitwa "ladies-in-waiting". Kwa hiyo Milton aliposema "stand and wait" hakumaanisha mtu aliyekaa bure anahesabu saa. Ni mtumishi aliye zamu, ila hajatumwa bado.

Na usisahau alikuwa nani. Tangu 1649 alikuwa katibu wa lugha za kigeni wa serikali ya jamhuri kule London, kazi yake yote ni kusoma na kuandika, na kufika 1652 macho yamezima kabisa, yuko kwenye miaka ya 40 tu. Shairi linaanza na hofu ya yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyeifukia talanta yake, anaogopa ataulizwa umefanyia nini nilichokupa. Mwalimu aliyepofuka lazima limguse.

Mkunazini
Mimi natetea kusubiri. Lugha yetu yenyewe imeshaamua: SUBIRA huvuta heri, lakini NGOJA NGOJA huumiza matumbo. Subira ina imani ndani yake, kungoja ni kuchoka tu. Dada bakisha kusubiri, rekebisha sehemu nyingine.

Kalamu ya Jioni
@Mkunazini nakuelewa ila angalia ndani ya shairi, anayemjibu Milton ni nani? Ni "Patience", yaani Subira mwenyewe, kapewa mdomo anaongea kama mtu. Subira ameshapata nafasi yake, ukimrudisha tena kwenye kitenzi cha mwisho atajisifia mwenyewe. Kitenzi kinataka neno lingine.

Mchungaji wa Kijijini
Bwana asifiwe. Binti, msiliache neno "kusimama" lipite hivihivi. Luka 1:19 malaika anajitambulisha kwa Zakaria, "Mimi ni Gabrieli, nisimamaye mbele za Mungu." Kusimama ndo cheo chake. Mistari ya Milton kabla ya huo wa mwisho inasema maelfu wanakimbia nchi kavu na bahari bila kupumzika kwa amri ya Mungu, kisha ndipo anawataja hawa waliosimama. Ni watumishi wa nyumba ile ile. Na Biblia yetu inatumia kungoja kwa heshima kubwa tu, Isaya 40:31, "bali wao wamngojeao Bwana watapata nguvu mpya", na Zaburi 130 nafsi inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Hapo kungoja na ulinzi vimekaa sentensi moja.

Mzee wa Kibaraza
Wanangu mnazunguka mbali na neno mmelikalia. Sisi Mombasa tumekua tukimwita bawabu MNGOJA MLANGO. Kungoja kwa Kiswahili cha wazee ni kulinda pia, mtu anangoja nyumba, anangoja shamba ndege wasile mpunga. Hiyo maana mbili ya Kiingereza mnayoisifia sisi tunayo, vijana ndio mmeiachia ikabaki ya foleni. Andika kungoja bila woga, watoto waulize, babu yao awaeleze.

Tena ukitaka mizani, nane kwa nane:
*Naye atumika pia, asimamaye kungoja.*

Mkunazini
Hapo mzee umenifunga. Lakini "only" imepotea, ile "tu".

Mzee wa Kibaraza
Imepotea, sikatai. Ukiitaka sana acha mizani, Mwalimu Nyerere alipotafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, hakujifunga na vina na bado yanasomeka vizuri. Mimi ningeiacha iende. Asimamaye kungoja, kazi yake ndiyo hiyo, "tu" imeshasikika.

Binti Muheza
Wakuu ahsanteni mno, sijui niseme nini. Mzee wa Kibaraza ulivyoandika mngoja mlango nilisimama nikaenda dirishani, baba alikuwa palepale getini mkono uko kwenye komeo, kuna mtu alikuwa anakuja na alishasikia hatua zake kabla sijaona mtu. Nikashindwa kumsomea muda ule ule.

Nimemsomea usiku baada ya kula. Aliurudia mara tatu polepole, akahesabu mizani kwa vidole, akasema "kungoja, sawa, ila huyo wa Mombasa muulize kwa nini pia na si bado." Sasa hapo naomba mnisaidie tena, maana ameshaniambia anataka na ile mistari 13 iliyobaki.