Nyongeza ya mshahara na bahasha ya mwisho wa mwaka kwa dada wa kazi: tutumie kigezo gani?

Mama Eliya, Dodoma

Habari zenu ndugu zangu. Dada anayetulelea mtoto ameishi nasi tangu Eliya akiwa mchanga, na sasa Eliya ana miaka mitatu, nami natarajia kujifungua tena mwezi Februari. Tunamlipa shilingi 120,000 kwa mwezi, chakula na malazi vikiwa juu yetu, na kiwango hicho hakijabadilika tangu alipoanza. Mume wangu anapendekeza tumpe bahasha nono wakati wa Krismasi na kuacha mshahara ulivyo, kwa kuwa bahasha haitufungi mwakani. Wifi yangu anasema kima cha chini cha serikali ni 60,000, hivyo tayari tunalipa mara mbili yake, na kwamba ukishamzoesha nyongeza hataridhika tena. Mimi naona kazi yake inakwenda kuwa nzito zaidi. Sisi sote wawili ni watumishi wa umma na kipato chetu kinajulikana, kwa hiyo naomba ushauri unaotekelezeka.

Baba Nasra, Morogoro

Mama Eliya, hongera kwa kulifikiria jambo hili kabla ya kujifungua, maana wengi hungoja hadi dada aage. Mumeo anachanganya vitu viwili. Bahasha ni shukrani kwa mwaka uliokwisha, ilhali mshahara ni malipo ya kazi iliyo mbele. Mtoto wa pili anamaanisha nepi, maziwa ya usiku na nguo za kufua maradufu, tena Eliya bado hajafika umri wa kujihudumia, na mzigo huo utakuwapo kila mwezi, si Desemba peke yake. Ninyi wenyewe mnapata nyongeza ya mwaka kazini. Mkiambiwa isimamishwe mpewe pilau na kitenge, mtakubali? Kwangu tulikaa na dada mezani tukaorodhesha kazi zilizoongezeka, kisha tukakubaliana kiwango kipya naye akiwa anasikia na kusema. Kwa hali yenu ningefika 150,000 kuanzia mwezi mtoto atakapozaliwa.

Mzee Kazi, Dar es Salaam

Nimefanya kazi katika masuala ya ajira kwa muda mrefu, na hoja ya wifi inahitaji kurekebishwa. Shilingi 60,000 ilikuwa katika amri ya mishahara ya mwaka 2022, kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na asiyeishi kwake aliwekewa 120,000. Serikali ilikwishatoa amri mpya ya kima cha chini cha sekta binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, kwa hiyo takwimu hiyo ya zamani haifai tena kutumika kama kipimo. Zaidi ya hayo, kima cha chini ni mpaka ambao sheria inakukataza kushuka chini yake. Hakikuwekwa ili kukuonyesha thamani ya mtu aliyemlea mwanao kwa miaka mitatu.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hulihesabu kimakosa kuwa zawadi ni likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Dada akienda kwao Desemba, mshahara wa mwezi huo ni haki yake, na bahasha inahesabiwa mbali. Vilevile mwandikieni mkataba na kumwandikisha NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa sababu michango hiyo itamsaidia hata akishaondoka kwenu.

Upendo, Iringa

Mimi nilikuwa dada wa kazi kabla sijafungua genge langu, naomba niseme upande wa pili. Nilipewa magauni na vyombo vingi kwa nia njema, nami nilishukuru, lakini kilichoniwezesha kusimama ni fedha niliyoijua tarehe yake na kiasi chake, kwa sababu ndiyo unayoweza kuipangia ada ya mdogo wako au mchezo wa kuchangiana fedha kila mwezi. Bahasha isiyotabirika huliwa na nauli na zawadi za nyumbani. Kama mnaweza, mpeni mshahara wa mwezi mmoja kama bahasha, mlipe nauli ya kwenda na kurudi pembeni, na mmwambie mapema mwezi Novemba.

Mama Eliya, Dodoma

Nashukuru sana, mmenifungua. Mume wangu amesoma na amekubali 150,000 kuanzia Februari. Swali lililobaki: mama mzazi wa dada huomba tumtumie yeye mshahara moja kwa moja, akidai binti atautapanya. Je, nyongeza nayo niipeleke huko?

Upendo, Iringa

Hapana, dada yangu. Kama ni mtu mzima, mshahara wote uingie kwenye simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na atakachomtumia mama yake kiwe uamuzi wake. Mama mpigie wewe mwenyewe umweleze kwa heshima, usimwachie binti mzigo wa kumkatalia mzazi.