Naomba ushauri: mimi ni mwamuzi, posho hazilipwi na wenzangu wanataka tugome

Ndugu zangu, mimi ni mwamuzi wa soka, mwaka wa saba sasa ligi ya kulipwa. Wachezaji wana mikataba, mshahara na daktari. Mimi nalipwa kwa mechi, tena posho za mechi 4 zilizopita bado. Nikichanika msuli nakaa nyumbani bila senti.

Kipimo cha utimamu hakijui hayo: mbio 6 za mita 40, kisha mita 75 kwa sekunde 15, unatembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40. Matusi ya jukwaani nimezoea. Kinachoninyima usingizi ni hili deni, maana mwamuzi mwenye njaa ndiye wanayemfuata na bahasha.

Wenzangu wanataka tugome. Marekani mwaka 2012 waamuzi wa NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) walizuiwa kazini na ligi yenyewe kwa mvutano wa malipo, wakaletwa wa muda, maamuzi yakaharibika hadi ligi ikakubaliana nao. Lakini wale walikuwa na chama chao imara. Sisi hatuna, na naogopa kufutwa kwenye orodha ya waamuzi.

Tuanze na barua ya pamoja au mwanasheria kwanza? Aliyewahi kudai malipo bila mkataba wa maandishi, alianzia wapi?