Kupata hati ya umiliki ya Peugeot 504 ya mwaka 1976 katika jimbo la Texas

Mwana wa Nakuru

Habari zenu, ndugu. Mwezi uliopita nilinunua Peugeot 504 ya mwaka 1976, ya milango minne na injini ya petroli, kutoka kwa kijana mmoja anayeishi nje kidogo ya Houston. Gari lilikuwa la babu yake, ambaye alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo limekaa bandani chini ya turubai. Nililipa dola 3,200, nikapewa funguo mbili na karatasi ya mauziano iliyotiwa saini na kijana huyo. Hati ya umiliki, ambayo wenyeji wa huku huiita taito, haikuonekana, na kijana alinihakikishia kwamba kwa gari la umri huo karatasi ya mauziano inatosha.

Waliokulia Kenya wataelewa kwa nini sikuuliza maswali mengi. Marehemu baba aliendesha Pijo za abiria kati ya Nakuru na Nairobi, na ingawa gari hili la soko la Marekani lina taa nne za mviringo badala ya yale macho tuliyoyazoea, nilipouona mgongo wake wa nyuma unavyokatika na kuteremka, akili ya biashara ilinitoka.

Nilipokwenda katika ofisi ya kodi ya kaunti, karani alinirudishia karatasi yangu kwa adabu na kunieleza habari za warithi, dhamana na kikao, nami nikatoka nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Naomba kujua nianzie wapi. Je, ninaweza kupata hati wakati gari lenyewe haliwaki? Tena, namba ya chasi iliyo kwenye kibati haifiki tarakimu 17 kama ya gari langu la kila siku. Je, hilo ni tatizo?

Fundi Mstaafu, Arlington

Pole na hongera kwa pamoja, ndugu yangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake litakupunguzia haraka. Kwetu Tanzania tumezoea kwamba mwenye kadi ya gari ndiye mwenye gari na ndiye mwenye haki ya kulitoa barabarani, na nyinyi Wakenya mna logibuku yenu inayofanya kazi hiyohiyo. Huku hayo ni mambo mawili yaliyotenganishwa. Hati ya umiliki inasema gari ni la nani, na hutolewa mara moja kwa kila mwenye gari. Usajili unasema gari linaruhusiwa kuwa barabarani, na kwa kawaida hulipiwa kila mwaka. Fomu ya maombi, ambayo ni 130-U, ina mahali pa kuonyesha kwamba unaomba hati peke yake bila usajili, kwa hiyo gari linaweza kubaki juu ya mawe huku wewe ukishughulikia karatasi. Bima nayo utaihitaji siku ya kusajili.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe. Kijana aliyekuuzia hakuwa mwenye gari. Babu alipofariki bila jina kubadilishwa, gari liliingia katika mirathi, na wenye haki ya kulitoa ni warithi wake, ambao kwa kawaida ni mjane na watoto. Mjukuu huingia tu ikiwa mzazi wake mwenyewe ametangulia mbele ya haki, au ikiwa kuna wosia unaomtaja. Karatasi yako ya mauziano si ya uongo, ila imetiwa saini na mtu ambaye hakuwa na cha kuuza, na hilo ndilo karani aliloliona.

Ningekuwa wewe, nisingekimbilia dhamana, yaani ile njia ya kupewa hati baada ya kununua ahadi ya kampuni ya kumfidia mwenye haki ya kweli akijitokeza. Watu wengi huipenda kwa sababu haiwalazimu kuzungumza na mtu, lakini wewe una bahati ambayo wanunuzi wengi wa magari ya kale hawana: unajua gari lilikuwa la nani, na familia yake ipo na inafahamika. Muulize kijana kama mirathi ya babu ilipelekwa mahakamani. Kama haikupelekwa na hakuna wosia uliofunguliwa, Idara ya Magari ya Texas ina fomu inayoitwa VTR-262, ambayo ni kiapo cha warithi kwa ajili ya gari tu. Warithi wote huitia saini mbele ya mthibitishaji wa viapo. Nasisitiza wote, kwa sababu saini moja ikikosekana fomu yote huwa kazi bure. Kwa kuwa hati ya zamani imepotea, wataomba nakala yake kwa fomu VTR-34, kisha watakutilia saini kama wauzaji katika 130-U. Kama mirathi ilikwenda mahakamani, kiapo hicho hakitumiki; anayetia saini ni msimamizi aliyeteuliwa, akiambatisha barua ya mahakama.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kwamba gari lina kumbukumbu Texas. Kuna karatasi yoyote iliyobaki ndani ya gari?

Mwana wa Nakuru

Ahsante sana, mzee wangu. Nimeshuka bandani jana usiku na tochi. Katika kisanduku cha dashibodi nimepata stakabadhi ya usajili ya mwaka 2009 yenye jina la marehemu, namba za Texas na namba ya chasi. Kijana anasema mirathi haikupelekwa mahakamani. Bibi yake alitangulia kufariki, na watoto wa marehemu ni mabinti watatu, akiwemo mama yake. Wawili wako hapa Houston na mmoja anaishi San Antonio.

Kijana wa Boston

Kaka, mbona unajitesa? Andika Vermont. Mimi nilisajili Volkswagen ya mwaka 1969 kwa posta bila hati yoyote, kwa karatasi ya mauziano tu, na sijawahi hata kukanyaga jimbo hilo. Ukishapata usajili wao, unaupeleka katika jimbo lako na kuubadilisha kuwa hati.

Fundi Mstaafu, Arlington

Mdogo wangu, njia hiyo ilikuwepo na ilisaidia wengi, lakini Vermont waliibana mwaka 2023. Asiye mkazi sasa hawezi kusajili gari huko kwa barua kama zamani, isipokuwa aonyeshe kwamba gari litatumika hasa ndani ya jimbo hilo. Akitia saini maelezo hayo ilhali gari liko Houston, atakuwa ametoa taarifa ya uongo kwa serikali ili kukwepa safari ya kwenda kuwaona mabinti watatu.

Ni kweli kwamba majimbo hayafanani. New York, kwa mfano, haitoi hati ya umiliki kwa magari ya mwaka 1972 na ya nyuma yake. Huko usajili wenyewe ndio ushahidi, na ukinunua gari kama hilo utapewa usajili uliotiwa saini pamoja na karatasi ya mauziano. Lakini gari la mwenzetu ni la 1976, ni la Texas, na lina jina la mtu katika kumbukumbu za Texas.

Mama Saida, Austin

Mwanangu, mimi na mume wangu tulipitia dhamana, kwa hiyo nakueleza ilivyo ili uifahamu endapo mabinti hao hawatapatana.

Tulinunua pikapu ya Ford ya mwaka 1964 kutoka kwa mtu aliyeinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kubadilisha jina. Yule aliyeandikwa katika hati hakupatikana kabisa. Tulipeleka maombi kwa ofisi ya kanda ya Idara ya Magari, si kaunti, tukiambatisha karatasi ya mauziano, picha za gari na maelezo ya jinsi tulivyolipata, pamoja na ada ya dola 15. Wakatupatia barua ya kutukatalia. Msishangae: barua hiyo ya kukataliwa ndiyo ufunguo, kwa sababu ndani yake wanaandika kiasi cha dhamana unachotakiwa kununua, ambacho ni mara moja na nusu ya thamani ya gari. Kwa gari lililofikisha miaka 25 hawakubali thamani iliyo chini ya dola 4,000, hata kama wewe umelinunua kwa mia tano, kwa hiyo dhamana ndogo kabisa ni ya dola 6,000. Hulipi dola 6,000 mfukoni. Unailipa kampuni ya dhamana ada ambayo ni sehemu ndogo ya kiasi hicho. Ukishainunua, una siku 30 za kuipeleka kaunti.

Hati tuliyopata ilikuwa na maneno yanayoonyesha kwamba ipo chini ya dhamana, na maneno hayo yanadumu miaka mitatu. Katika muda huo, mtu mwenye haki ya kweli akijitokeza, anaweza kudai fidia kutoka kwenye dhamana, na kampuni nayo itakugeukia wewe ikudai ilicholipa. Sisi hatukusumbuliwa na mtu, lakini mume wangu hakutaka kuipaka rangi pikapu mpaka miaka mitatu iishe. Alisema hawezi kumpambia mtu mwingine bibi harusi.

Na wewe, kwa hali yako, usisahau kwamba wanaoweza kujitokeza kudai wapo na wanajulikana. Nenda ukaonane nao.

Lile neno kikao alilokutajia karani ni njia ya tatu: mkuu wa kodi wa kaunti anaweza kusikiliza shauri la mtu aliyenyimwa hati na kuamua. Sisi hatukufika huko.

Kijana wa Boston

Basi sawa, nimekubali kuhusu Vermont. Lakini kuna jamaa anayeuza hati za magari mabovu pamoja na vibati vyake. Ukipata ya 504 nyingine…

Fundi Mstaafu, Arlington

Hapana, na naomba shauri hilo liishie hapo. Kubandua kibati cha gari moja na kukipachika kwenye jingine ili kubadilisha utambulisho wake ni kosa la jinai chini ya sheria za shirikisho, si suala la faini ya ofisini. Zaidi ya hapo, gari ambalo kibati na namba iliyogongwa kwenye bati havilingani linaweza kuchukuliwa na polisi, na hata mwenye nia njema hupata taabu kulirudisha.

Tukiwa kwenye namba hiyo, ndugu Mwana wa Nakuru, ufupi wake si kasoro. Mpangilio wa tarakimu na herufi 17 ulianza na magari ya toleo la mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Kasoro ninazokutana nazo ni za kunakili. Mfumo wa sasa hautumii herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0, lakini namba za zamani hazikufuata kanuni hiyo, na karani mwenye haraka miaka arobaini iliyopita angeweza kuandika O palipogongwa sifuri. Chukua brashi laini na kitambaa, safisha kibati bila kukikwangua, piga picha, kisha linganisha herufi kwa herufi na ile stakabadhi ya 2009. Zikitofautiana hata kwa alama moja, waeleze kaunti kabla ya warithi kutia saini, kwa sababu kiapo chenye namba isiyo sahihi kitarudiwa chote. Wenye magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 wana kazi kubwa zaidi, kwani mengi yalikuwa yakiandikishwa kwa namba ya injini, na injini ilipobadilishwa hati ikabaki inataja chuma kilichokwisha kuyeyushwa.

Mwana wa Nakuru

Nimelinganisha, na zinafanana zote. Nimezungumza na mama wa kijana kwa simu. Alishtuka kusikia gari limeuzwa, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nitalitengeneza au nitalichinja vipuri. Nilipomweleza habari za baba na barabara ya Nakuru, alisema yeye na wadogo zake watatia saini. Nimemwahidi kugharamia mthibitishaji.

Swali la mwisho: nichukue namba za aina gani? Ningependa kuliendesha Jumapili kwenda kanisani na siku mojamoja kazini.

Mama Saida, Austin

Basi usichukue zile za gari la kale. Namba hizo hulipiwa dola 50 kwa miaka mitano na zina mvuto wake, maana unaruhusiwa hata kutumia kibao halisi cha Texas cha mwaka uleule wa gari kikikubaliwa, lakini zimewekewa masharti: maonyesho, gwaride, shughuli za klabu, na kulipeleka gari kwa fundi. Kwenda kazini hakumo. Za klasiki, ambazo pia ni za magari ya miaka 25 na zaidi, hulipiwa dola 30 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida ya usajili, na unaendesha utakavyo. Sisi tulianza na za kale, tukabadilisha baada ya mume wangu kuanza kubebea mbao.

Kipimo cha moshi hakikuhusu, hata kama unaishi katika kaunti zinazokidai, kwa sababu hakiwahusu magari yaliyofikisha miaka 25. Ukaguzi wa usalama wa magari binafsi nao ulifutwa tangu Januari 2025, ingawa kwa 504 iliyolala miaka mingi mimi ningebadilisha mipira ya breki kabla ya kufikiria kibao. Kodi ya mauzo utalipa asilimia 6.25, yaani dola 200 kwa bei yako.

Mwana wa Nakuru

Nawashukuru wote. Mabinti wawili wa hapa Houston wametia saini leo mchana mbele ya mthibitishaji. Jumamosi naondoka asubuhi kwenda San Antonio kwa yule wa tatu, mwendo wa kama saa tatu, nikiwa na VTR-262, VTR-34 na 130-U katika bahasha moja na nakala zake katika nyingine. Ameomba nimpelekee picha za gari, na hasa ya kiti cha nyuma, kwa sababu anasema kuna mahali alipokichoma kwa bahati mbaya akiwa msichana na baba yake hakuwahi kugundua. Nimetazama. Papo.