Mashauriano ya familia kabla ya kliniki ya Alhamisi

Dada Mkubwa, Lanet (saa 1:12 jioni)
Wapendwa, hamjambo nyote. Nawaandikia kwa urefu kwa sababu Alhamisi ninarudi kliniki, na daktari atataka jibu. Tangu nilipougua korona mwezi wa pili, na sasa tuko mwezi wa nane, maumivu hayajaniachilia. Huanzia mabegani yakashuka hadi magotini, na usiku nyayo huwaka kana kwamba nimekanyaga makaa. Vipimo vya damu, vya sukari, vya tezi na vya baridi yabisi havikuonyesha kasoro. Daktari amependekeza tembe ya amitriptilini ya miligramu 10 kila usiku, kisha nimwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Lakini pia kuna duka la dawa hapa njiani ambako nimekuwa nikidungwa sindano ya diklofenaki karibu kila wiki, na nikidungwa hupata nafuu ya siku moja, pengine mbili. Nishaurini, lakini tafadhali someni hadi mwisho kabla ya kujibu.

Kaka, Bungoma (saa 1:20)
Pole sana, Dada. Mimi naona mwili umekaa mno. Mtu akilala miezi sita viungo hukaza. Anza kutembea kila asubuhi, uwe unaongeza kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi uwe unapanda Menengai kama zamani.

Dada Mkubwa (saa 1:31)
Kaka, hilo nimelijaribu. Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, nilipanda Menengai polepole nikapumzika mara tatu, na niliporudi nilijiona mzima kabisa, hata nikapika chapati. Jumapili nilikwenda kanisani. Jumatatu alfajiri nilishindwa kuinua sufuria ya chai. Mkono ulitetemeka, chai yote ikamwagikia jiko, nami nikaketi sakafuni nikilia. Nililala hadi Ijumaa nikiwa nimefunga mapazia, kwa sababu mwanga wenyewe ulikuwa unaniumiza. Tangu siku hiyo ninaandika katika daftari kila kazi ninayoifanya na hali yangu ya siku mbili zinazofuata. Imetokea mara nne, na kila mara kuanguka kwangu, yaani kuishiwa nguvu hivi, kumekuja kesho yake au kesho kutwa, hakujapata kuja siku ile ile.

Mpwa muuguzi, Kisumu (saa 1:48)
Mama Mkubwa, daftari hilo ulibebe Alhamisi. Lina maana kuliko picha nyingi za eksirei. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya hali hii ya kuugua muda mrefu baada ya korona Oktoba 2021: dalili ambazo kwa kawaida zipo miezi mitatu baada ya maambukizi, zimedumu angalau miezi miwili, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Kuanguka baada ya kazi ni dalili inayojulikana, wala si ya korona peke yake. Mwaka 1955 wahudumu wengi wa hospitali ya Royal Free, London, walipata ugonjwa uliowaachia wengine wao uchovu na maumivu ya muda mrefu.

Mjomba, kwa heshima, ushauri wako unawafaa wagonjwa wengi wa maumivu ya mgongo na magoti, na ningempa mtu mwingine ushauri huo huo. Kwa mtu anayeanguka hivi ni tofauti. Uingereza waliwahi kuwapa wagonjwa wa uchovu wa namna hii mazoezi ya kuongezwa kila wiki, lakini mwongozo wao wa Oktoba 2021 uliyaondoa. Kinachoshauriwa ni kupima nguvu zako: ufanye pungufu ya unachoweza, uketi unapomenya viazi, upumzike kabla ya kuchoka. Huyo mtaalamu wa viungo aelezwe jambo hili kabla hajaanza chochote.

Shangazi, Kakamega (saa 2:05 usiku)
Mwanangu, mimi nimeona watu wakipona kwa mitishamba. Kuna mama hapa sokoni anauza unga wa kutibu maumivu ya viungo. Jirani yangu alikuwa hawezi kuchuchumaa, na siku ya tatu alikwenda shambani.

Mpwa muuguzi (saa 2:14)
Nyanya, siwezi kudharau mitishamba, nawe ndiwe uliyenilea kwayo. Kinachonitia hofu ni hiyo siku ya tatu. Baadhi ya unga unaouzwa hivyo umepatikana umechanganywa kisiri na steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, au hiyo diklofenaki, ndiyo maana nafuu huja upesi. Na mtu aliyetumia steroidi kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Kama hatujui kilichomo, Mama Mkubwa asinywe.

Kaka (saa 2:20)
Nimesoma kuhusu hiyo amitriptilini. Wameandika kwamba ni dawa ya huzuni. Je, huyo daktari anadhani dada yetu anajitungia ugonjwa?

Mpwa muuguzi (saa 2:33)
La, Mjomba. Ilianza kama dawa ya huzuni, na kwa huzuni hutolewa kwa kipimo kikubwa zaidi. Miligramu 10 za usiku hutuliza mishipa ya fahamu inayowaka, na humsaidia mgonjwa kulala. Haitaondoa ugonjwa wenyewe. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponya. Atakauka mdomo, anaweza kufunga choo, na asubuhi za kwanza ataamka mzito. Aipe wiki kadhaa kabla ya kuihukumu, na amweleze daktari ikiwa amewahi kuwa na tatizo la moyo.

Sindano ndiyo inayonikosesha usingizi mimi. Mama Mkubwa, wewe unameza dawa ya presha. Diklofenaki hupandisha presha, huumiza figo na huweza kutoboa tumbo, tena hapo dukani hakuna anayekupima. Je, daktari anajua?

Dada Mkubwa (saa 2:51)
Sikumwambia. Niliona haya, kwa sababu alikuwa amenikataza tembe za aina hiyo, nami nikajidanganya kwamba sindano ni kitu kingine. Nitamwambia Alhamisi, nitamwomba anipime figo na presha, na sitadungwa tena. Tembe ya usiku nitaijaribu. Shangazi, nisamehe, unga huo sitautumia. Jambo gumu kwangu ni hilo la kupumzika kabla ya kuchoka, kwa maana nguo hazijifui wala maji hayajitekei, na kila nikiketi moyo hunishtaki.

Kaka (saa 2:58)
Dada, nami nisamehe kwa habari ya Menengai. Nitamlipa mtu wa kufua na kuteka maji Jumanne na Ijumaa, kuanzia wiki hii. Usimzuie.

Shangazi (saa 3:04)
Unga nitauacha. Nitapanda matatu ya asubuhi Jumatano nije na mrenda na kuku, nikae hadi Jumapili. Alhamisi twende kliniki pamoja, mimi nishike daftari.

Dada Mkubwa (saa 3:09)
Asante, Shangazi. Ukifika kabla sijaamka, ufunguo uko kwa jirani wa mlango wa buluu.