Msaada: Wakala wa Uturuki kakwazika na 👌, oda tuzijibu kwa alama gani?

BiMagauni: Wakuu, habari za jioni. Nipo Kariakoo, duka la nguo za jumla, na simu ya duka naishika mimi. Tunahudumia mikoani, Lubumbashi, Comoro, na tuna wakala Istanbul anayetununulia magauni. Juzi kamtumia bosi picha za mzigo mpya, bosi akajibu 👌 kama anavyowajibu watu wote. Wakala kimya mchana kutwa. Usiku akaandika: "Kaka, kwetu hii si nzuri. Tafadhali usinitumie." Bosi ni mtu mzima, mstaarabu, na limemuuma kweli. Ameniagiza nitafute alama moja ya mkono ya kuwajibu wateja wote bila kumkwaza yeyote. Ipo?

Baharia Mstaafu: Dada, haipo. Uturuki hiyo 👌 ni kumdhihaki mwanaume kwamba analala na wanaume wenzake. Brazil nako ni tusi la nguoni. Ufaransa kile kiduara kinaweza kusomeka sifuri, yaani mzigo hauna thamani, na Japani vidole hivyo hivyo ni pesa. Huyo wakala ni muungwana, wengine wangekata mawasiliano. Bosi ampigie, asimwandikie, amweleze kwamba huku tunamaanisha "safi kabisa".

Mtoto wa Temeke: Mnakuza mambo. Weka dole 👍, biashara iendelee.

Wakili Kinondoni: Mkuu, kwenye oda dole ndilo la kuogopwa zaidi. Achilia mbali kwamba Iran na Iraq wazee wanalijua kama tusi. Kanada kuna mnunuzi wa nafaka aliyepiga picha mkataba wa tani 86 za mbegu za kitani, akamtumia mkulima kwenye simu athibitishe. Mkulima akajibu 👍. Muda wa kupeleka mzigo ukafika, hakupeleka, na bei sokoni ilikuwa imepanda. Mahakamani akajitetea kwamba alimaanisha ujumbe ameuona, basi. Mwaka 2023 jaji wa jimbo la Saskatchewan aliamua kwamba dole lile ni saini kamili, maana mikataba ya nyuma walikuwa wakiikubali kwa majibu mafupi ya simu vilevile. Mkulima akaamriwa alipe dola za Kanada zaidi ya 82,000.

Sasa dada, mteja wa Lubumbashi akikutajia bei yake ukampa dole kwa maana ya "nimeona", yeye anatuma pesa. Mwandikie: "Nimeona, bei bosi atakujibu."

Dada wa Ilala: Na ✌️ iondoe kwenye simu ya duka. Hapa hapa Dar mtu ataisoma Chadema, hasa uchaguzi ukikaribia.

BiMagauni: Nawashukuru sana wakuu. Bosi kampigia, wameongea vizuri, na kontena linapakiwa. Ile ya Kanada nimemsomea, akaniambia madole yote yakome kuanzia leo. Ila 🙏 naitumia kila siku kwa wanaodaiwa, nayo niache?

Baharia Mstaafu: Endelea nayo. Emoji zilianzia kwenye simu za Japani, na mikono hiyo kwao ni ya kuomba na kushukuru, kama unavyoitumia wewe. Ila kiasi cha deni na tarehe ya kulipa viandike kwa maneno.

BiMagauni: Sawa baba. Nimeshahifadhi majibu matatu kwenye simu: "Oda imepokelewa", "Bei bado", "Mzigo umetoka".