Hivi wauza mikono ya madirisha mna shida gani? Mkono wa nne huu na bado nyumbani tunafungua dirisha kwa plaizi

Wakuu habari zenu, mimi zangu siyo nzuri kwa hiyo tusisalimiane sana, niacheni nitoe povu langu kwanza.

Nina dirisha moja, MOJA tu, la chumba cha watoto, haya ya PVC yanayofunguka kwa nje kama mlango. Mkono wake ulianza kulegea kitambo, unauzungusha unacheza kwanza robo hivi ndo unahisi umeshika kitu. Mwanaume nikawa napuuzia, kila siku nasema jumamosi jumamosi. Siku hiyo nimekaa zangu sebuleni dogo wa miaka sita anakuja kaushika mkononi ananiambia "baba, umetoka wenyewe". Umetoka wenyewe! Nikauangalia pale ulipokatika, wakuu, kwa nje unang'aa mweupe safi unasema chuma cha maana, kwa ndani ni kijivu chenye chembechembe kama chumvi. Zinki ya kumwaga kwenye kalibu hiyo. Siipondi zinki moja kwa moja, ikimwagwa vizuri inakaa miaka, ila ikichoka haipindi ikakuonya, inakatika tu pap na wewe unabaki umeshika kipande.

Ile pini ya pembe nne inayoingia ndani ya dirisha ikabaki mule mule kwenye tundu, imechomoza kidogo. Nikachukua plaizi nikaibana nikazungusha, dirisha likafunga. Shemeji yenu akauliza itakaa hivyo mpaka lini, nikamjibu kwa kujiamini kabisa, kesho nanunua mwingine, kitu cha dakika tano hiki, skrubu mbili tu.

Hiyo kesho ina mwezi na nusu sasa.

Mkono wa kwanza. Naingia dukani, namuonyesha jamaa kile kipande, hata hakukishika. Ananyoosha tu mkono shelfuni anatoa paketi imeandikwa kwa herufi kubwa INAFAA MADIRISHA YOTE. Namuuliza una uhakika? Ananiangalia kama nimemtukania ukoo, "bosi hii inaingia kote". Sawa. Nafika nyumbani nachomoa ile pini iliyobaki, naweka mkono mpya, matundu ya skrubu yanakaa yenyewe kabisa, nikasema leo mambo si ndo haya. Nafunga skrubu, nazungusha... unazunguka kama pangaboi. Hamna kinachofunga hamna kinachofungua, mkono unazunguka dirisha linakuangalia.

Mnajua kwa nini? Pini fupi. Ilikuwa na milimita 20 tu, ilikuwa haifiki hata kwenye giaboksi, yaani ile mashine ndogo iliyojificha ndani ya dirisha ambayo pini inaizungusha ndo dirisha linafunga. Na hapa ndo hasira yangu ilipo kwa hiyo nisomeni vizuri. Mikono mingi ya haya madirisha matundu yake ya skrubu yanaachana milimita 43 na pini ni ya pembe nne yenye unene wa milimita 7. Hivyo viwili ndo vinamfanya muuzaji aseme inaingia kote, kwa sababu ni kweli INAINGIA. Ila urefu wa pini unatofautiana balaa, kuna za 15, 20, 30, 40, mpaka 55, inategemea fremu yako nene kiasi gani na giaboksi imekaa wapi mule ndani. Sasa hicho kitu kimoja ambacho ndo kinaamua kama dirisha lako litafunga au halifungi, HAKIJAANDIKWA kwenye paketi. Wameandika rangi. Wameandika "ubora wa hali ya juu". Wameweka na picha ya mama anatabasamu dirishani. Milimita hawajaweka.

Nikarudi dukani, akanijibu kitu kikishafunguliwa paketi hakirudi. Sasa ningejuaje pini ina urefu gani bila kufungua paketi? Kimya. Anahudumia mteja mwingine.

Mkono wa pili kosa ni la kwangu, nakiri, msinichape sana. Nikajiona mjanja nikachukua ile pini ya zamani nikaipima kwa rula mwanzo mwisho, milimita 55. Nikaenda duka lingine na namba yangu kabisa kichwani, nataka wa 55, nikapewa wa 55. Kuuweka, mkono umesimama mbali na fremu kidole kizima, pini inagota ndani na sahani ya mkono, ile bapa yenye matundu ya skrubu, haigusi fremu. Kumbe pini haipimwi hivyo jamani! Sehemu ya pini inakuwa imezama ndani ya mkono wenyewe, kwangu ilikuwa milimita 15, kwa hiyo unatakiwa upime kile kinachotoka tu, kuanzia kwenye sahani ya mkono mpaka ncha. Yangu ilikuwa 40. Ningejua hilo ningekata kwa msumeno wa chuma nikapitisha tupa kwenye ncha kutoa makali yake na biashara imeisha, maana pini ndefu inapunguzika, fupi ndo huna la kuifanya. Ila badala ya kukata nikafanya ujinga wa pili, nikamwita fundi.

Fundi kaja, kaangalia, kasema "hii inataka kukazwa tu". Nikamwambia fundi, pini inagota. Akasema mimi kazi hii nimeianza zamani. Akakaza skrubu ya juu, akakaza ya chini, akarudi juu, bisibisi inalia na yeye anakunja uso, nikasikia KA! Sahani imepasuka katikati. Mnajua alisemaje? "Bidhaa za siku hizi". Akachukua hela yake ya usafiri akaondoka. Na kabla ya kuondoka alishasaga kichwa cha skrubu moja, hilo nitalirudia maana ndo linanitesa mpaka sasa hivi.

Wa tatu nikaenda na vipimo vyote, 43, 7, 40, nimeandika kwenye karatasi. Nikapewa, urefu sawia kabisa, nimeweka umekaa unapendeza, nikamuita hadi shemeji yenu aje kushuhudia. Nafunga dirisha, vidole vyote vinne vinagonga ukingo wa fremu, nimechubuka hapa kwenye vifundo. Mkono umekunjwa wa KUSHOTO, dirisha langu ni la KULIA. Wanaojua mikono hii wanaelewa, kuna ile iliyonyooka unaweka popote, halafu kuna iliyopinda ambayo ina upande wake. Muuzaji aliviona viwili viko pale amenipa kimoja bila kuuliza swali hata moja. Hakuuliza! Na mimi sikujua kama kuna kuuliza, mimi ni mtu wa kawaida nataka kufunga dirisha usiku mbu wasiingie.

Huu nilibadilishiwa baada ya kelele kidogo, na hiyo kidogo naandika kwa heshima. Halafu mkono una tundu la funguo ila ndani ya paketi hamna funguo, eti zinauzwa kando. Chumba cha watoto, ghorofani, mnaniuzia kufuli bila funguo.

Wa nne basi. Saizi yake, upande wake, funguo nimenunua, skrubu nimebadilisha kwa sababu za kwenye paketi zilikuwa ndefu. Umefunga. Wakuu nililala usingizi wa mtoto. Wiki mbili tu. Ukaanza kuwa mgumu, unausukuma kwa nguvu, kila siku mgumu kuliko jana, na juzi nikaona shingo ya mkono imeanza mstari mwembamba wa ufa. Mpya!

Ndo akatokea mzee mmoja jirani, yeye hana duka wala hajiiti fundi, akaniuliza kitu ambacho hakuna hata mmoja wa hawa niliowapa hela yangu aliniuliza. "Dirisha likiwa wazi, mkono unazunguka mwepesi?" Nikajaribu, mgumu vile vile. Akasema ungekuwa mwepesi likiwa wazi na mgumu likiwa limefungwa, ningesema bawaba zimeshuka, dirisha limelala na vile vishikio havikutani na sehemu zake. Huu mgumu kote kote, toa mkono. Nikatoa. Akachukua ile pini ya zamani akaichomeka kwenye tundu akabana na plaizi, akajaribu kuzungusha. Ngumu. Bila mkono kabisa, ngumu. "Baba, unanunua mikono bure, mgonjwa yuko ndani."

Giaboksi imekwama. Yaani ule mkono wa zamani aliouleta dogo haukuzeeka, uliuliwa, sisi tulikuwa tunausukuma miezi kadhaa kwa nguvu kupambana na giaboksi iliyojaa vumbi na kutu na meno yaliyolika, na kitu dhaifu kuliko vyote kwenye ule mnyororo ndo kikakatika. Na huo mpya ungeenda njia hiyo hiyo. Mikono minne. Maduka matatu. Fundi mmoja wa mdomo. Hakuna aliyetumia dakika moja kuchomeka pini tupu na kuzungusha.

Ndo maana siwaelewi kabisa watu wanaosema "mteja unatakiwa ujue unachotaka". Mimi nilijua ninachotaka, nilitaka dirisha lifunge. Anayetakiwa kujua kuna kushoto na kulia, kuna 20 na 40, na kwamba mkono ukikatika wenyewe kuna kitu kimeukata, ni yule anayekaa na hivi vitu shelfuni kutwa nzima. Ukienda na kiatu kimoja hawakupi tu kingine wakakwambia kinaingia kote!

NAONGEZA: nimeona mmeanza kunijibu, wengine mnanicheka, sawa tu.

Mnaosema paka mafuta, nimepaka, mkuu. Ya kupuliza kwenye tundu la pini na kwenye ule utepe wa chuma ubavuni mwa dirisha, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikazungusha mara ishirini na ushee. Ililegea kidogo, siku mbili ikarudi. Kwa giaboksi ambayo ni kavu tu inawezekana ikapona, yangu meno yameisha, ukizungusha unaisikia inaruka.

Wa aluminiamu ya zamani uliyeuliza kuhusu ule mkono wenye pua inayokamata ukingo wa fremu, ule hauna pini kabisa ndugu yangu, usije ukasumbuka na milimita zangu. Pale unapima kimo cha pua, kutoka chini ya sahani mpaka chini ya pua yenyewe, na nao una kushoto na kulia. Ukikuta umefungwa kwa riveti utazitoboa kwa drili, taratibu, usile fremu.

Dada uliyesema mkono wako unacheza ila haujakatika, kabla hujatoa hela angalia kwanza skrubu zake. Kwa mkono kama wangu unauzungusha ukae mlalo, unanyanyua kile kifuniko cha plastiki kwa kucha, zipo mbili mule. Zikiwa zimelegea kaza kidogo tu na uachane na huu ulimwengu, usiingie huku.

Na yule anayesema nibadilishe dirisha zima, kaka sikujibu, nitapigwa ban.

Sasa nilipo. Giaboksi nayo, msishangae, ina vipimo vyake. Kutoka kwenye ule utepe wa chuma mpaka katikati ya tundu la pini kuna za milimita 20, kuna za 22, kuna za 25, na ya 20 ukiiweka pembeni ya 22 macho yako hayatakwambia kitu. Hii safari siendi dukani na maneno, naing'oa yenyewe naenda nayo mkononi naiweka juu ya kaunta, ilaliane na mpya tundu kwa tundu mbele ya macho yangu ndo hela itoke.

Tatizo, ili niing'oe inabidi nifungue ule utepe, na utepe una skrubu saba. Sita zimetoka. Ya saba ni ile aliyoisaga fundi wangu wa "kukaza tu" alipojifanya anaangalia utepe kama umelegea. Kichwa kimekuwa duara, bisibisi inateleza. Nimejaribu kuweka kipande cha mpira katikati, imekataa. Nimejaribu bisibisi nene na nyundo ndogo, imekataa na PVC imeanza kuchubuka.

Mwenye njia ya kuitoa bila kuharibu fremu aseme. Na aseme mapema, bomba la jikoni limeanza kuvuja na plaizi yetu iko dirishani.